Shajara ya tangi langu la matumbawe: nimeanza na 150 kwa 50 kwa 70

15 Novemba

Haya leo naanza kuandika maana hesabu zangu zimetawanyika, nyingine nyuma ya risiti ya duka, nyingine kwenye simu, na moja nshaipoteza. Nataka tangi la matumbawe la nyumbani. La maji ya chumvi, lenye mawe, mchanga, matumbawe laini, nemo wawili (wale samaki wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe) na uduvi wa kusafisha. Hamu hii ninayo tangu tulipopelekwa Chumbe na skuli, kile kisiwa cha hifadhi hapa Zanzibar, nikavalishwa miwani ya maji kwa mara ya kwanza nikaona kitu ambacho nimekaa kisiwani miaka yote sijui kama kipo hatua chache kutoka ufukweni. Ule mwamba unahifadhiwa tangu 1994 na ndo maana uko vile.

Niliweke hili mapema kabisa: sitovunja tumbawe hata kipande kutoka baharini. Matumbawe magumu yako kwenye orodha ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, biashara yake ina vibali, na hata bila ya sheria sie tuliokaa huku tushaona mwamba ulivyopauka 1998 na 2016, hauna cha ziada cha kutugaia. Mawe yangu yatakuwa ya nchi kavu, yale yale ya matumbawe ya kale yanayochimbwa kwa kujengea. Viumbe hai vitakuja baadae kwa njia ya halali. Sasa hivi kazi ni moja tu, vipimo.

Ndoto yangu: urefu 150, upana 50, kimo 70. Sentimita. Nimelichora, linapendeza. Lita 525 (unazidisha vitatu unagawa kwa 1000).

18 Novemba

Leo nimepata boksi la friji kwa jirani, nikalikata nikaliunganisha na gundi ya karatasi nikapata boksi la 150 kwa 50 kwa 70 kamili nikaliweka pale ukutani ninapotaka. Kila anayetaka tangi afanye hivi kabla hajazungumza na fundi yeyote, maana kwenye karatasi sentimita 70 ni namba tu lakini ukiwa nalo chumbani ni ukuta. Na bado halijapandishwa juu ya meza.

Mie nakaa ghorofa ya pili, Mji Mkongwe. Wanaokaa huku wanajua vyumba vyetu vilivyo, virefu na vyembamba, kwa sababu upana wa chumba ulifuata urefu wa boriti za mikoko. Boksi lilipokaa, mlango wa kabati ukawa haufunguki wote. Khalafu nikajaribu kulishusha ngazini, boksi la karatasi hilo, tupu, likakwama kwenye kona ya kwanza. Kioo hakikunjiki.

Usiku

Sikulala nikafanya hesabu ya uzito. Lita moja ya maji ya bahari ni kama kilo 1.025, kwa hiyo maji peke yake kilo 538. Kioo ni kilo 2.5 kwa kila mita moja ya mraba kwa kila milimita ya unene, na kwa kimo cha 70 hapo ni kioo cha milimita 15, nikapata kilo 133. Tia mawe, mchanga na meza, tunavuka kilo 800 na vyote vimekaa juu ya robo tatu ya mita ya mraba. Sakafu ya nyumba ya kawaida ya kisasa hupigiwa hesabu ya kilo 150 mpaka 200 hivi kwa mita ya mraba. Na yangu si ya kisasa, ni boriti, mawe na chokaa, ya zamani kuliko babu yangu.

21 Novemba

Nimempigia ami yangu, yeye amefanya kazi ya ukarabati wa nyumba za mjini miaka mingi. Nikamwambia, "Shikamoo ami, nataka kuweka kitu cha kilo mia nane juu kwangu." Akanyamaza. Akaniuliza, "Kinakaa siku moja au kinakaa daima?" Nikamwambia daima. Akasema, "Basi mwanangu usiweke. Boriti haivunjiki siku unayoipakia, inapinda kidogo kidogo na maji yakiidondokea inaoza, na wewe unaizidishia mzigo na maji pamoja."

Ile "na maji pamoja" imenikaa kichwani. Tangi la matumbawe linamwaga maji kila wiki hata uwe makini vipi, matone ya chumvi yapo tu. Kwa hiyo Mji Mkongwe basi. Nimezungumza na bi mkubwa, mama yangu, amekubali nitumie ukumbi wake Fuoni, nyumba ya chini, sakafu ya zege juu ya ardhi. Sharti lake moja, asizuiwe njia ya kwenda jikoni.

Ukuta wenyewe una sentimita 170 kutoka fremu ya mlango mpaka dirishani. Nikifikiria 150 inabaki 10 kila upande, siwezi hata kupitisha mkono nyuma. 120 inabaki 25 kila upande, hapo mtu anafika kwenye bomba na waya. Urefu umeamuliwa na ukuta wa mama.

Tatizo la 120, na limeniuma kweli, ni kangaja. Samaki yule, si tunda. Kangaja wa buluu ni katika samaki wazuri kupita wote wa mwamba wetu, lakini ni samaki wa kuogelea masafa, anataka tangi la mita moja na nusu kwenda mbili, ukimtia kwenye 120 anazunguka huku anakonda na anapata maradhi. Nimemfuta kwenye orodha. Nilikaa kama nusu saa natafuta sababu ya kumrudisha, sikuipata.

27 Novemba

Kimo. Hapa ndo nilipokuwa nimekosea zaidi na ndo nataka nipaandike vizuri.

Nimepima mkono wangu kutoka kwapani mpaka ncha za vidole: sentimita 64. Sasa tangi la kimo cha 70, mchanga uko chini, nikitaka kuokota kitu kilichoanguka inabidi bega liingie majini na uso ulambe maji, na mikono miwili haiingii pamoja maana juu kuna taa. Na tumbawe lililoanguka kifudifudi ukilisubirisha siku mbili linaweza kufa. Kwa hiyo tangi refu la kwenda juu ni tangi ambalo hulihudumii.

Tena kuna meza. Meza ya 80 na tangi la 70, ukingo uko 150 kutoka chini, mimi bega langu liko 133. Ningepanda kigoda kila siku. Meza ya 80 na tangi la 50, ukingo uko 130 na kidogo, nasimama chini nafanya kazi. Na mtu akikaa kwenye kiti macho yake yanaangukia katikati ya maji, mama atakuwa anakaa pale akichambua mchele.

Taa nayo. Mwanga unapungua kadiri maji yanavyozidi kina, kwa hiyo kimo kikubwa kinataka taa ya wati nyingi, na wati nyingi ni bili na joto. Taa nyingi za LED za matumbawe zinamulika vizuri eneo la kama 60 kwa 60, basi 120 kwa 60 ni taa mbili bila kona ya kiza. Upana ukiwa 50 taa ni mbili vile vile, hupunguzi kitu.

Ndo nikaanza kuona kwamba nilikuwa naipa pesa sentimita isiyofaa. Nikitoa 20 kwenye kimo nikatia 10 kwenye upana, mawe yanapata nafasi ya kukaa mbali na kioo cha mbele na cha nyuma, maji yanazunguka nyuma ya mawe, samaki wana pahala pa kuingia na kutokea. Kwenye upana wa 45 au 50 mawe yanakuwa ukuta tu umeegemezwa kioo cha nyuma na uchafu unajikusanya huko usikofika.

Mpya: 120 kwa 60 kwa 50. Lita 360 kwenye karatasi.

2 Disemba

Nimekwenda kwa fundi wa vioo, mtu mzima, ana karakana ndogo ya aluminiamu. Nimemsalimia, nikamueleza, nikamtajia na vile vipimo vya mwanzo nione atasema nini. Akachukua chaki akachora chini mistari miwili ya kusimama, mmoja mfupi mmoja mrefu. "Maji hayasukumi kwa wingi wake mwanangu, yanasukuma kwa kimo chake. Bahari yote hii ukiizuia kwa kioo cha shibiri moja, kioo hakijui kama nyuma kuna bahari."

Nikarudi nyumbani nikaipigia hesabu. Kioo cha mbele cha 150 kwa 70, tangi likijaa, kinasukumwa kwa nguvu sawa na uzito wa kilo 377. Cha 120 kwa 50 kilo 154. Chini ya nusu! Ndo maana hapa milimita 12 inatosha na mikanda ya juu (vipande vya kioo vya kukaza ukingo). Fundi alipendekeza pia milimita 10 kwa bei, akasema itashika, lakini mimi nataka kulala usingizi, mama ana zulia lake pale.

Mwanzo alitaka kunipa kioo cha tempa kwa kuwa ni kigumu. Nimekataa kwa sababu moja, tempa ikishapikwa haikatwi wala haitobolewi tena, ukitia drili inapasuka yote vipande vidogo dogo, na mimi nataka matundu mawili nyuma ya kuteremshia maji kwenye tangi dogo la chini, ndani ya meza, ambako pampu inayarudisha juu. Kioo cha kawaida kina ukijani kidogo ukingoni, basi.

Sasa raha iko hapa. Shiti aliyonayo ya milimita 12 ni 244 kwa 183. Tukakaa chini na chaki. Ukiigawa katikati unapata safu mbili za 122. Safu ya kwanza: kitako cha 120 kwa 60, mbele 120 kwa 50, nyuma 120 kwa 50, jumla 160 kati ya 183, kile kipande cha 23 kinachobaki ndo mikanda ya juu. Safu ya pili: mbavu mbili za 57.6 kwa 50 (57.6 kwa sababu zinaingia baina ya kioo cha mbele na cha nyuma, unatoa unene mara mbili, usisahau hii!), zinabaki 133 kwa 122, na humo linatoka tangi zima la chini la 75 kwa 40 kwa 40 pamoja na vigawanyo vyake. Shiti moja. Tungekata urefu wa 150 ingebaki 94 upande mmoja, tangi la chini halitoki zima, tunanunua shiti ya pili kwa ajili ya sentimita 30.

Fundi aliifurahia hesabu ile kuliko mimi. Akaipiga picha.

7 Disemba

Joto. Nililiogopa hili tangu siku ya kwanza. Matumbawe yanataka maji ya 25, 26, 27 hivi, yakikaa juu ya 30 kwa siku nyingi yanatoa ule mwani unaoishi ndani yake na kuyalisha, ndo yanapauka. Na sie huku hewa ya mchana sasa hivi ni 31, 32.

Nimefanya jaribio ukumbini kwa mama: beseni pana la maji ya bahari, kipima joto, siku mbili bila feni, siku mbili na feni ndogo inapuliza juu ya maji. Bila feni mchana 29.8. Na feni 27.6. Feni inapoza kwa kuyafanya maji yapande hewani, na hewa yetu ina unyevu mwingi kwa hiyo haiwezi kushusha sana, lakini digrii mbili zile ndo uhai wenyewe. Ukitaka feni ifanye kazi unataka uso mpana wa maji, tangi la kimo likiwa na mdomo mdogo feni haina pa kushika. Na uso mpana ndo unaoingiza oksijeni, maji ya moto yanashika oksijeni kidogo kuliko ya baridi, kwa hiyo kwetu hili lina uzito zaidi kuliko kwa mtu wa Ulaya.

Gharama yake ipo, niiandike. Beseni lilishuka milimita 6 kwa mchana na usiku. Kwenye tangi langu hiyo ni lita 4 kila siku, na kinachopaa ni maji tu, chumvi inabaki, kwa hiyo unarudishia maji matamu. Si ya bomba, birika la mama lina ukoko wa chokaa ndani, ni maji yaliyochujwa ya dumu. Lita 4 kwa siku ni dumu moja na nusu kwa wiki, kidogo chini yake. Nimekubali.

11 Disemba

Umeme ulikatika leo saa tisa mchana mpaka saa tatu usiku, nikakaa nikawaza. Tuliokuwepo kwenye kiza kile cha miezi mitatu, Disemba 2009 mpaka Machi 2010, hatufungi kitu cha umeme nyumbani bila kuuliza kikizima inakuwaje. Pampu ikisimama, maji yaliyo juu ya tundu yanateremka yote kwenye tangi la chini. Uso wa maji ndani ya tangi ni 117.6 kwa 57.6, kila sentimita moja ni lita 6.8. Yakiteremka sentimita tatu ni lita 20. Tangi la chini lina lita 120 likijaa, nitaliendesha na 80, nafasi ya 40 ipo, zulia salama. Ningepunguza tangi la chini ili niweke chupa na waya pembeni, kama nilivyotaka, ingekuwa mafuriko kila umeme ukizima.

Nimeongeza pampu ya hewa ya betri kwenye orodha. Hiyo haingojei.

20 Disemba

Vipimo nimevifunga. 120 kwa 60 kwa 50, kioo milimita 12, mbavu zinasimama juu ya kitako kwa hiyo kimo cha nje 51.2.

Lita za kweli sasa, maana 360 ni ya karatasi. Ndani 117.6 kwa 57.6, maji yanaishia 46 si 50: lita 312. Mawe na mchanga vinakula kama 25, inabaki 287 hivi. Tia 80 za chini, mfumo wote lita 365 kwa kukisia. Uzito bila meza wala tangi la chini kama kilo 430.

Na kwa madumu, maana sie tunahesabu kwa madumu: kujaza mara ya kwanza ni madumu 18 ya lita 20 na nusu dumu. Kubadilisha asilimia 10 ni madumu mawili kasoro. Mawili naweza kuyabeba mwenyewe kwenye vespa kwa safari moja, ile ya lita 525 na tangi lake la chini ingekuwa matatu. Nitachota maji yakijaa, upande wa bahari iliyo wazi, mbali na mitaro ya mjini, na masika sitochota siku za mvua kubwa.

5 Januari

Meza tumejenga kwa matofali ya saruji na slabu juu, ya kunyooka kabisa. Mbao nimeacha kwa sababu ya mchwa, chuma kwa sababu ya chumvi. Uwazi wa mbele nilimwambia fundi ujenzi uwe sentimita 80, akataka 60 aweke nguzo ya katikati, nikamuonyesha tangi la chini lina 75 na siku moja litabidi litoke. Tukaweka nguzo pembeni na nondo zaidi kwenye slabu. Juu ya slabu nitalaza tandiko la sponji la sentimita moja.

Shiti ya kioo ilikuja, kilo 134, watu wanne.

14 Januari

Tulitaka kumaliza tarehe 12 lakini ni Mapinduzi, karakana ilifungwa. Leo fundi ameliunganisha tangi. Silikoni ile inayonuka siki, isiyo na dawa ya kuzuia ukungu, hiyo dawa inaua viumbe. Fundi akasema huku kwetu inakauka vizuri, na ni kweli, silikoni hii inakazwa na unyevu wa hewa. Unyevu ule ule unaoninyima digrii za feni. Nimesema hatulitii maji kabla ya siku kumi.

25 Januari

Uani kwa mama, juu ya matofali, maji ya bomba mpaka alama ya 46. Nimetandika karatasi za gazeti chini ya kila kona ili tone lolote lionekane. Nikapima kwa rula kwenye kona nne, maji yako 46 kila upande ila kona ya nyuma kushoto 46.2, hayo ni matofali ya uani, slabu iko sawa nshaipima.

Mama ametoka na kiti chake akakaa akayatazama maji matupu. Akaniuliza samaki wanakuja lini. Nikamwambia miezi miwili inshallah, kwanza mawe yaoshwe yakae majini. Akasema basi asubiri, lakini kiti akakiacha pale pale.

26 Januari, saa kumi na mbili asubuhi

Kona tatu kavu. Nyuma kulia karatasi ina duara la unyevu kama sarafu ya mia mbili. Nimelifuta kwa kidole nikangoja nusu saa, limerudi. Linatoka kwenye mshono wa chini, si kwenye tundu. Nampigia fundi, tunamwaga, anakwangua silikoni ya upande ule yote na kuipaka upya, siku kumi nyingine.